Kronografu Ikitoa Namba za Ajabu: Mwongozo Kamili wa Kutafuta Kosa

Umepiga risasi kumi za boksi moja kwa bunduki moja. Kioo cha kronografu, yaani kifaa cha kupima kasi ya risasi kwa mita kwa sekunde (m/s), kimeandika 812, 809, 815, kisha 1,140, kisha neno la hitilafu, kisha 347. Wengi hapo huanza kuilaumu baruti, na wengine hununua kronografu mpya. Mimi niliwahi kupunguza kipimo cha baruti ninayojaza kwenye risasi mara mbili mfululizo kwa sababu kifaa kiliniambia risasi zinakwenda kasi kuliko ilivyopaswa. Baadaye niligundua kuwa baruti haikuwa na tatizo lolote. Kifaa changu ni kile cha kukunja katikati, na siku ile bawaba yake haikufunguka hadi mwisho. Ilibaki milimita tatu hivi.

Milimita tatu hizo zina uzito wake, na ukizielewa utakuwa umeelewa zaidi ya nusu ya mwongozo huu.

Kifaa hiki hupima nini

Kronografu ya mwanga ina vihisi viwili vinavyotazama juu. Risasi ikipita juu ya kihisi cha kwanza, kivuli chake hupunguza mwanga kidogo na saa inaanza. Ikipita juu ya cha pili, saa inasimama. Kazi nzima ni hiyo: kifaa kinapima muda, kisha kinachukua umbali kilioambiwa na kuugawanya kwa muda huo. Vihisi vikiwa vimeachana sentimita 30, risasi ya 800 m/s inautumia umbali huo kwa mikrosekunde 375 tu.

Saa ya ndani inaendeshwa na fuwele ya kwazi na ni nadra kukosea. Kwa hiyo, unapoona namba usiyoiamini, jiulize maswali mawili kabla ya jingine lolote. Je, umbali halisi kati ya vihisi ndio ule ambao kifaa kinaamini? Na je, kilichoianzisha saa na kilichoisimamisha ni risasi yenyewe, tena sehemu ileile ya risasi?

Rudi kwenye bawaba yangu. Umbali uliotakiwa ni milimita 300, lakini ulikuwa 297. Risasi ilizimaliza milimita 297 mapema, kifaa kikadhani imekwenda 300, na kasi ikapanda kwa asilimia moja. Kwa risasi ya 800 m/s hiyo ni 8 m/s za uongo. Anayepiga shabaha ya mita 1,000 kwa hesabu yenye kosa hilo atakosea kimo kwa robo mita au zaidi. Kwa anayepima nguvu ya bunduki ya upepo mambo ni mabaya zaidi, kwa sababu nishati inafuata mraba wa kasi. Kosa la asilimia 3 kwenye kasi linakuwa kosa la asilimia 6 kwenye jouli (kipimo cha nishati), na hilo linatosha kukuvusha kikomo cha nguvu kilichowekwa bila wewe kujua.

Soma kosa kabla ya kugusa kitu

Kaa chini na karatasi, andika namba zote kwa mpangilio zilivyotoka, pamoja na saa na hali ya anga. Usifute zile zinazokuudhi, maana hizo ndizo zenye habari. Makosa ya kronografu yana sura, na kila sura inaelekeza mahali pake.

Kama namba zinatulia vizuri lakini zote ziko juu au zote ziko chini ya unachotarajia, shuku umbali: bawaba, nafasi ya vihisi kwenye reli, kifaa kilichoinama, au mpangilio wa ndani ya kifaa. Angalia pia vipimo. Mita moja kwa sekunde ni futi 3.28 kwa sekunde, na nimeona watu wakibishana saa nzima juu ya bunduki mbili ambazo moja ilikuwa imeandikwa kwa mita na nyingine kwa futi.

Kama namba nyingi ni nzuri lakini moja moja inaruka mbali, shuku mlipuko wa mdomoni mwa mtutu, chembe za baruti zisizoungua, au mwanga. Namba inayokaa karibu na 340 hadi 350 m/s na kujirudia, hasa kwa bunduki unayoijua kuwa na kasi zaidi ya hapo, karibu kila mara ni sauti. Sauti hewani husafiri takriban 343 m/s kwenye joto la nyuzi 20 na karibu 349 kwenye nyuzi 30. Kifaa chako kimepima mshindo na kuiacha risasi ipite.

Kama namba zinapanda au kushuka polepole kadiri muda unavyokwenda, shuku jua linalosogea, betri inayokata roho, au bunduki yenyewe. Hili la mwisho nitalirudia, kwa sababu kuna mabadiliko ambayo ni ya kweli kabisa.

Na kama hakuna namba, ila hitilafu tu, basi kihisi kimoja kimeona na kingine hakikuona. Hilo ndilo kosa rahisi kuliko yote.

Usalama, na kwa nini watu hupiga kronografu zao

Bunduki iwe tupu, chemba wazi, mdomo ukielekea kwenye shabaha, na kila mtu kwenye mstari ajue kuwa unakwenda mbele. Usisogeze kifaa hata kidogo mtu akiwa ameshika bunduki nyuma yako.

Halafu kuna jambo la darubini. Darubini inakaa sentimita nne au tano juu ya mtutu. Ukiangalia kupitia darubini utaona mstari wako unapita salama juu ya vihisi, lakini mita tatu kutoka mdomoni risasi bado iko chini ya mstari huo kwa karibu kimo chote hicho. Ndiyo maana vifaa vingi vina tundu la risasi mbele, pale kwenye kioo cha namba. Dawa yake ni kuitazama njia ya risasi kupitia mtutu wenyewe pale ambapo bunduki inaruhusu kutolewa komeo la nyuma. Kama hairuhusu, simamisha kadibodi nyuma kidogo ya mahali utakapoweka kifaa, piga risasi moja kabla ya kukiweka, kisha panga kifaa kwa kulifuata tundu lile. Risasi ipite sentimita 10 hadi 20 juu ya vihisi, katikati ya zile nguzo mbili nyembamba zinazosimama juu ya kila kihisi. Ikipita juu sana kivuli kinakuwa hafifu na hitilafu zinaanza.

Umbali na unyoofu

Fungua kifaa hadi mwisho. Pitisha kidole kwenye bawaba, maana punje ya mchanga inatosha kuizuia. Kama vihisi vyako vimefungwa kwenye reli, pima kwa rula ya chuma kutoka katikati ya kihisi kimoja hadi katikati ya kingine, na ulinganishe na umbali uliowekwa kwenye kifaa. Pima pia juu, kwenye ncha za nguzo. Nguzo zikiwa zimeinamiana, umbali unaoonekana na risasi inayopita juu si sawa na ule wa risasi inayopita chini, na hapo utapata kasi mbili tofauti kwa kubadilisha kimo tu.

Weka pima maji ya fundi juu ya kifaa. Kama shabaha iko juu au chini, kifaa kiinamishwe kifuate mstari wa risasi, si mstari wa ardhi. Risasi inayokatiza kwa mshazari inasafiri njia ndefu zaidi kati ya vihisi, kwa hiyo namba inashuka. Habari njema ni kwamba kosa hili ni dogo: mshazari wa nyuzi 5 unapunguza asilimia 0.4 tu, yaani kama 3 m/s kwenye 800. Ukifika nyuzi 10 ni asilimia 1.5. Kwa hiyo usihangaike saa nzima na pima maji wakati tatizo lako ni la 40 m/s, halitoki hapa.

Stendi iwe nzito. Tundika mfuko wa mchanga chini yake. Stendi nyepesi inatikiswa na mlipuko, na vihisi vikisogea wakati risasi iko katikati, umbali wako umebadilika tena.

Mwanga, ambao ndio mzizi wa matatizo mengi

Hapa ndipo ningekusihi utumie muda wako mwingi. Kihisi hakioni risasi, kinaona mwanga ukipungua ghafla. Risasi ya bunduki kubwa ina urefu wa kama sentimita tatu. Mwanga ukiwa sawa juu ya vihisi vyote viwili, vyote vitashtuka risasi ikiwa mahali palepale, tuseme pale ncha inapoanza kunenepa. Lakini kihisi cha kwanza kikiwa kivulini na cha pili kikipigwa na jua, kimoja kitashtuka kwenye ncha na kingine milimita tatu nyuma yake. Ni zile milimita tatu tena, na ni asilimia moja tena, safari hii bila bawaba yoyote kuhusika.

Jua likiwa kali juu ya kichwa, weka vile vifuniko vyeupe vya plastiki juu ya nguzo. Kazi yake ni kuulainisha mwanga ili kihisi kione anga nyeupe sawasawa. Anga likifunga mawingu mazito, viondoe, kwa sababu vitapunguza mwanga ambao tayari ni haba. Siku mbaya kuliko zote ni ile ya mawingu yanayokimbia, jua linatoka na kujificha kila dakika. Siku hiyo namba zitacheza, na njia nzuri ni kuweka kifaa chini ya kivuli kimoja kikubwa kinachofunika vihisi vyote viwili, au kutumia taa za infraredi ambazo baadhi ya kronografu zinazo.

Asubuhi na jioni jua linaingia kwa pembeni, chini ya vifuniko, na kugonga kihisi moja kwa moja. Kinga upande huo kwa kipande cha kadibodi. Chunguza pia ardhi chini ya njia ya risasi. Maji yaliyotuama, mchanga mweupe au bati vinaurudisha mwanga juu, na risasi ya shaba inayong'aa badala ya kutupa kivuli inamulika. Chukua maka peni nyeusi, paka risasi tano, acha tano zilivyo, upige kwa kupishana. Kama nyeusi zinatulia na zile zinazong'aa zinaruka, umeshapata jibu kwa gharama ya wino kidogo.

Ndani ya jengo kuna shida ya aina nyingine. Taa za mrija na nyingi za LED zinawaka na kufifia mara 100 kwa sekunde kwenye umeme wa hezi 50, na mara 120 kwenye wa hezi 60. Jicho halioni, kihisi kinaona. Utapata namba bila hata kupiga risasi. Jaribu hivi: washa kifaa, usiguse bunduki, subiri dakika mbili. Kikiandika chochote, taa ndiyo inayofyatua. Zima taa za juu na umulike vihisi kwa glopu ya zamani ya waya, ambayo waya wake hauwahi kupoa kabisa kati ya mapigo, au taa inayotumia betri.

Mlipuko wa mdomoni

Risasi inapotoka, gesi inaifuata na kwa kipande kifupi inaipita, ikibeba moshi na chembe za baruti ambazo hazikuungua. Kronografu iliyowekwa karibu mno inaona vurugu hiyo yote. Kwa bunduki kubwa isogeze mita tatu hadi tano kutoka mdomoni, na zaidi kama bunduki ina breki mdomoni, yaani kipande kinachoitoa gesi kwa pembeni. Bunduki ya upepo kwa kawaida haina moshi, mita moja inatosha. Upinde pia, mradi mshale wote umeshaachana na kamba kabla haujafika kwenye kihisi cha kwanza.

Kama uwanja haukupi nafasi ya kusogeza, simamisha ubao wa plaiwudi kati ya bunduki na kifaa, wenye tundu la sentimita 15 hivi. Risasi inapita tunduni, mlipuko unagonga ubao.

Risasi za polepole kuliko sauti zina tabia yake. Kwa hizo mshindo unaitangulia risasi, hata ukisogeza kifaa mita kumi. Hapo kusogeza hakusaidii peke yake. Funga ubao, na uweke sponji kati ya kifaa na stendi ili mtikisiko usifike kwenye vihisi. Bunduki za marisau nazo zinarusha kofia ya plastiki pamoja na kundi la chembe, kwa hiyo kifaa kinaweza kuanza na chembe ya mbele na kumaliza na kofia. Usiamini namba moja moja ya marisau, tazama wastani.

Betri, nyaya na vihisi

Badilisha betri kwanza, kabla ya kufikiria chochote cha umeme. Betri dhaifu mara nyingi haizimi kifaa, inakiacha kikifanya kazi na kudanganya. Baridi inaidhoofisha zaidi, kwa hiyo iliyofaa nyumbani inaweza isifae alfajiri uwanjani.

Futa vihisi kwa kitambaa laini. Buibui anapenda sana tundu la kihisi, na uzi wake mmoja ukipeperushwa na upepo unaweza kufyatua saa.

Kama bado unapata hitilafu na vihisi vyako vina nyaya za kuchomoa, badilishana. Waya wa kihisi cha kwanza uuchomeke mahali pa cha pili, na wa pili mahali pa kwanza, huku vihisi vyenyewe navyo ukivihamisha ili mpangilio wa safari ubaki sahihi. Hitilafu ikihama na kihisi, kihisi au waya wake umekufa. Ikibaki kwenye tundu lilelile, tatizo liko ndani ya kifaa. Jaribio hili la dakika tano linakuepusha kununua kitu kisichohitajika.

Kama kifaa chako ni rada

Rada hazijali mwanga, na hilo limewafanya wengi waamini kwamba hazikosei. Rada kama LabRadar na Garmin Xero zinafuata mabadiliko ya mawimbi yanayorudi kutoka kwenye kitako cha risasi. Rada ya gigahezi 24 ikifuata risasi ya 800 m/s inaona mabadiliko ya kilohezi 128 hivi. Kosa lake kubwa ni kuelekezwa vibaya. Ielekeze kwenye shabaha yenyewe, si mbele kwa kukisia, na uiweke kando ya mdomo kwa umbali ambao kitabu chake kinasema. Chagua aina sahihi ya silaha na kiwango cha kasi kwenye menyu, maana rada iliyoambiwa itafute mshale haitaiona risasi. Jirani akipiga karibu nawe, inaweza kushtuka kwa risasi yake. Subiri atulie, au badilisha chaneli kama kifaa chako kinayo.

Rada pia hukadiria kasi ya mdomoni, ilhali kronografu ya mwanga inakupa kasi pale ilipowekwa. Risasi ya .308 (aina ya risasi ya bunduki kubwa) inapoteza takriban 0.7 m/s kwa kila mita mwanzoni mwa safari. Ukiilinganisha na ya mwanga iliyoko mita nne mbele, tofauti ya 3 m/s ni sahihi kabisa, na hakuna cha kutengeneza.

Vile vinavyofungwa kwenye mtutu, kama MagnetoSpeed, vinataka sambamba na ukaribu. Kihisi kikilegea baada ya risasi kadhaa, kinaanza kuruka namba. Kaza mikanda, na usitegemee kundi la matundu yako kwenye shabaha siku hiyo, kwa sababu uzito ule mdomoni unahamisha mahali risasi inapogonga.

Kabla hujahukumu kifaa, muulize mtutu

Kuna namba mbaya zinazosema kweli. Risasi zilizoachwa juani zinakwenda kasi zaidi ya zilizokaa kivulini, na ile iliyoachwa ndani ya chemba ya moto inaiva. Risasi ya kwanza kwenye mtutu wenye mafuta ina kasi yake. Bunduki ya upepo ya springi iliyotiwa mafuta mengi inayachoma: utaona moshi mdomoni na namba za juu sana kwa risasi kadhaa, kisha inatulia. Bunduki ya hewa iliyoshindiliwa bila kidhibiti cha presha inabadilika kadiri presha inavyoshuka. Ya gesi ya CO2 ukiipiga haraka haraka inapoa na kasi inaanguka. Ipe nusu dakika kati ya risasi. Kasi ikirudi, kifaa kilikuwa mkweli.

Na usihukumu kwa risasi tano. Ukipata mchepuko sanifu (kipimo cha jinsi namba zinavyotawanyika kuzunguka wastani) wa 5 m/s kwa risasi tano, ule wa kweli unaweza kuwa popote kati ya 3 na 14. Kwa risasi ishirini, mwanya huo unasinyaa hadi kati ya 3.8 na 7.3. Vipimo viwili vya baruti ambavyo watu wanavibishania mara nyingi havina tofauti yoyote inayoweza kuthibitishwa kwa idadi waliyopiga.

Jaribio la mwisho

Tafuta kitu kinachotulia kukizidi kifaa chako. Bunduki ya upepo ya mashindano ya mita 10 ni bora sana, kasi yake ni kama 170 m/s na inabadilika kidogo mno. Risasi ndogo za .22 za mashindano zinafaa pia. Piga kumi siku ambayo unakiamini kifaa, andika wastani ndani ya kifuniko cha boksi lake, na weka akiba ya risasi za toleo lilelile. Kila unapotia shaka, piga tano kati ya hizo kwanza.

Ukiweza kupata kifaa cha pili, ziweke kronografu mbili kwa mstari, risasi ipite zote. Piga kumi, kisha zibadilishane nafasi, piga kumi nyingine. Ile iliyo nyuma inapaswa kusoma chini kidogo, kwa sababu hewa inaipunguza risasi. Zikibadilishana na ile ileile ikaendelea kusoma juu, tofauti ni ya kifaa. Toa wastani wa tofauti za mizunguko yote miwili, na hiyo ndiyo namba ya kuandika kwa kalamu ya wino usiofutika kwenye mgongo wa kifaa, pamoja na tarehe na umbali uliokiweka kutoka mdomoni.